Chembe Sahani Zimepanda: Homoni za TPO na EPO Zipimwe Lini, na Zisomwe Vipi

Karatasi ya FBP, kipimo cha hesabu kamili ya damu, imerudi kutoka maabara. Kwenye mstari wa PLT, yaani chembe sahani zinazosaidia damu kuganda, pameandikwa 780, kando yake herufi H, maana yake juu ya kawaida. Hemoglobini iko sawa, chembe nyeupe ziko sawa, mgonjwa hana homa. Hapo ndipo watu hupotezwa njia kwa namna mbili. Mmoja anaambiwa ana saratani ya damu hata kabla kipimo hakijarudiwa. Mwingine anaambiwa si kitu, anarudi nyumbani na ugonjwa unaoweza kumletea kiharusi. Yote mawili yanaumiza, na yote mawili yanaepukika ikiwa vipimo vitafuatana kwa mpangilio wake.

Mwongozo huu ni wa anayeishika karatasi hiyo mkononi: mgonjwa, ndugu anayemsindikiza, au tabibu wa kituo cha afya anayejiuliza ampe rufaa au asubiri. Haumwondoi daktari bingwa wa damu. Nimezipa nafasi kubwa homoni mbili, thrombopoietini (TPO) na erithropoietini (EPO), kwa sababu majibu yake ni rahisi mno kusomwa kinyume.

Kwanza uelewe TPO inavyofanya kazi

TPO hutengenezwa zaidi na ini, na kiasi kidogo na figo. Husafiri kwa damu hadi kwenye uboho wa mifupa, ikashika kipokezi kiitwacho MPL juu ya chembe kubwa zinazoitwa megakariosaiti. Hizo ndizo zinazomegeka na kutoa chembe sahani. Mtu mzima mwenye afya hutengeneza takribani chembe sahani bilioni 100 kwa siku, na kila moja huishi siku 7 hadi 10. Jina la homoni hii lilikuwapo tangu mwaka 1958, lakini ilichukua hadi mwaka 1994 ndipo maabara kadhaa, karibu kwa wakati mmoja, zikafanikiwa kuipata jeni yake.

Jambo la kushika ni jinsi mwili unavyoipunguza homoni hii. Chembe sahani zenyewe zina kipokezi cha MPL. Zinapoinasa TPO, zinaimeza na kuimaliza. Ni kama sufuria ya uji inayopikwa kwa kipimo kilekile kila siku: walaji wakiwa wengi, kinachobaki ni kidogo, walaji wakipungua, uji unabaki. Ndiyo maana mgonjwa ambaye uboho wake umekauka, asiye na megakariosaiti wala chembe sahani za kutosha, huwa na TPO ya juu sana.

Kwa hesabu hiyo ungetegemea kwamba mwenye chembe sahani 780 awe na TPO ya chini. Sasa tazama kinachotokea. Katika thrombosithemia, ule ugonjwa wa uboho ambao madaktari huuandika ET, TPO mara nyingi huwa ya kawaida au imepanda kidogo. Sababu ni kwamba chembe sahani za wagonjwa hao zina vipokezi vichache vya MPL. Walaji ni wengi, lakini hawali.

Na kwa mtu asiye na ugonjwa wa uboho kabisa, ambaye chembe sahani zimepanda kwa sababu ya maambukizi au inflamesheni (mwako wa ndani ya mwili unaotokana na ugonjwa au jeraha)? Kwake pia TPO inaweza kuwa ya kawaida au juu, kwa njia nyingine: mwili hutoa kemikali iitwayo IL-6, nayo hulichochea ini litengeneze TPO zaidi.

Kwa hiyo wagonjwa wawili wenye magonjwa tofauti kabisa wanaweza kukutana kwenye namba ileile ya TPO. Ukiambiwa "TPO yako ni ya kawaida, basi huna ugonjwa wa uboho", umeambiwa kisichothibitika. TPO ya kawaida mbele ya chembe sahani nyingi ni jibu linalotaka maelezo. Halimpi mtu uzima, wala halimpi ugonjwa.

Hatua ya 1: Hakikisha namba ni ya kweli

Kiwango cha kawaida ni 150 hadi 450, yaani chembe 150,000 hadi 450,000 katika mikrolita moja ya damu. Shirika la Afya Duniani (WHO) huanza kufikiria ET kuanzia 450. Zamani mpaka ulikuwa 600. Ulishushwa kwenye uainishaji wa mwaka 2008.

Mashine huhesabu kwa ukubwa wa chembe. Vipande vya chembe nyekundu zilizovunjika, au chembe nyekundu ndogo mno, vinaweza kuhesabiwa kama chembe sahani. Omba damu ipakwe kwenye kioo na iangaliwe kwa hadubini. Ni kipimo cha bei ndogo, na jicho la mtaalamu wa maabara aliyezoea huona mengi ambayo mashine haisemi.

Kisha tafuta karatasi za zamani. Mtu ambaye miaka mitatu iliyopita alikuwa na 620 na leo ana 780 ni tofauti kabisa na aliyekuwa na 250 mwezi uliopita. Karatasi ya kliniki ya wajawazito, ya upasuaji, hata ya kuchangia damu, zote zina thamani hapa.

Hatua ya 2: Tafuta sababu za kawaida, na uzitafute kwa bidii

Idadi kubwa ya watu wenye chembe sahani nyingi hawana ugonjwa wa uboho. Chembe zao zimepanda kuitikia jambo jingine mwilini. Kwa Afrika Mashariki orodha inaanzia kwenye vitu tunavyovijua: upungufu wa madini ya chuma kwa mwanamke mwenye hedhi nzito au mtoto mwenye safura, kifua kikuu, jipu au kidonda kisichopona, upasuaji au ajali ya karibuni. Yumo pia mgonjwa wa selimundu, ambaye wengu wake umekufa pole pole na hauhifadhi tena chembe sahani, na aliyetolewa wengu baada ya ajali. Baridi yabisi na magonjwa ya utumbo ya muda mrefu humo humo. Malaria kwa kawaida hushusha chembe sahani, lakini baada ya kupona kutoka maambukizi mtu anaweza kuonekana zimeruka juu kwa muda.

Saratani nayo imo. Mwaka 2012 watafiti walionyesha kwa wanawake wenye saratani ya ovari jinsi mnyororo unavyokwenda: uvimbe hutoa IL-6, IL-6 huliamuru ini litoe TPO, TPO hupandisha chembe sahani. Kwa hiyo mtu mwenye chembe sahani nyingi anayekonda bila sababu, au tumbo linalojaa, achunguzwe mwili mzima. Asiishie kwenye uboho tu.

Vipimo vya hatua hii ni viwili: feritini, na CRP, protini inayopanda damuni kukiwa na maambukizi au inflamesheni. Feritini huonyesha akiba ya chuma. Kwa mtu mzima asiye na maambukizi, WHO huhesabu chini ya mikrogramu 15 kwa lita kuwa ni upungufu. Lakini feritini hupandishwa na maambukizi na inflamesheni, na kwa mtu wa namna hiyo WHO hutumia mpaka wa 70. Ndiyo maana feritini isisomwe bila CRP pembeni yake. Mwenye kifua kikuu na feritini ya 50 anaweza kuwa amekaukiwa chuma kabisa na karatasi ikaonyesha yuko sawa. CRP ikiwa juu, tafuta kinachowaka kabla ya kuulaumu uboho. CRP ikiwa chini na feritini nzuri, mara kwa mara, uboho unaanza kutiliwa shaka.

Onyo moja: ukubwa wa namba peke yake hauamui. Chembe sahani zinaweza kuvuka 1,000 kwa sababu ya maambukizi makali au upungufu wa chuma, na ET inaweza kukaa kwenye 500 kimya kimya.

Sababu ikipatikana, itibiwe, kisha FBP irudiwe. Zikishuka, umemaliza, huhitaji kipimo cha TPO wala cha jeni. Zikikaa juu baada ya akiba ya chuma kujaa na CRP kutulia, endelea.

Hatua ya 3: EPO, homoni inayosaidia zaidi ya inavyodhaniwa

EPO hutoka kwenye figo na kazi yake ni chembe nyekundu. Kwa nini basi ipimwe kwa mtu mwenye tatizo la chembe sahani? Kwa sababu kuna ugonjwa ndugu wa ET, polisithemia vera (PV), ambao nao hupandisha chembe sahani, na wakati mwingine chembe sahani ndizo zinazoonekana kwanza. Matibabu yake ni tofauti: mwenye PV hutolewa damu ili ipungue uzito. Kumkosea jina ni kumkosesha matibabu hayo.

Katika PV uboho hutengeneza chembe nyekundu bila kungoja amri, nazo figo zikiona oksijeni inatosha huacha kutoa EPO. Kwa hiyo EPO iliyo chini ya kawaida huelekeza kwenye PV, na WHO imeiweka miongoni mwa vigezo vyake vidogo vya utambuzi. Ipime hasa pale hemoglobini inapokaribia au kuvuka gramu 16.5 kwa desilita kwa mwanamume au 16.0 kwa mwanamke.

Ipime pia kwa mtu wa aina hii, ambaye ni rahisi sana kumkosa: chembe sahani 700, hemoglobini 14, feritini ya chini sana, na wengu umevimba. Ukimtazama haraka utasema ni upungufu wa chuma. Kumbe anaweza kuwa na PV ambayo chuma kimemwishia, hivyo hemoglobini haipandi ikaonekana. Ukimpa vidonge vya chuma bila kumfuatilia, hemoglobini inaweza kuruka na damu ikawa nzito. Mtu huyu apewe chuma chini ya uangalizi wa karibu, na FBP irudiwe mapema.

EPO ya kawaida haiiondoi PV moja kwa moja. EPO ya chini haiithibitishi peke yake pia, kwa kuwa baadhi ya wenye ET nao huwa nayo. Figo zilizochoka huishusha EPO. Anemia, kuvuja damu, uvutaji wa sigara na kuishi sehemu za mwinuko mkubwa huipandisha. Damu ichukuliwe kabla mgonjwa hajaanza kutolewa damu kama tiba, na fomu ya maabara iandikwe kama ameongezewa damu karibuni.

Hatua ya 4: TPO, ikiwa inapatikana

Kipimo cha TPO hakipo kwenye maabara nyingi, na sampuli mara nyingi husafirishwa mbali. Kabla ya kulipia, jiulize kwanza jibu litabadilisha nini. Nasema wazi msimamo wangu: kama fedha zinatosha kipimo kimoja kati ya TPO na jeni ya JAK2 (imeelezwa kwenye Hatua ya 5), lipia JAK2.

Zipo nafasi ambapo TPO inastahili gharama yake. Ya kwanza ni familia. Ikiwa mtoto, mama na mjomba wote wana chembe sahani nyingi, TPO ya juu sana huashiria kasoro ya kurithi kwenye jeni yenyewe ya homoni. Mwaka 1998 ilielezwa familia ya Uholanzi yenye kasoro hiyo: sehemu ya ujumbe wa jeni inayozuia homoni isizalishwe kupita kiasi ilikuwa imepotea, TPO ikamiminika bila kizuizi, na chembe sahani zikapanda kizazi kwa kizazi. Ipo pia kasoro ya kurithi ya kipokezi cha MPL, kwa hiyo TPO isiyopanda haifuti uwezekano wa ugonjwa wa familia.

Ya pili ni mtoto mdogo mwenye chembe sahani nyingi sana na tumbo lililovimba upande wa kulia. Uvimbe wa ini wa watoto uitwao hepatoblastoma unaweza kutoa TPO. Huyu afanyiwe ultrasaundi siku hiyohiyo. Asingojeshwe jibu la homoni.

Ya tatu haihitaji kipimo, inahitaji swali. Muulize mgonjwa dawa anazotumia. Romiplostim na eltrombopag, zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2008, hukiamsha kipokezi cha MPL kama TPO inavyofanya. Dozi ikizidi, chembe sahani hupanda.

Kuhusu sampuli: damu ikiganda kwenye chupa, chembe sahani huachia TPO iliyokuwa ndani yake, hivyo jibu la seramu (maji ya damu iliyokwisha kuganda) huwa juu kuliko la plazma (maji ya damu iliyozuiwa isigande). Kwa mwenye chembe sahani 1,200 tofauti hiyo si ndogo. Linganisha plazma kwa plazma, maabara ileile, na uangalie kiwango cha kawaida kilichochapishwa na maabara hiyo. Namba uliyoisoma kwenye intaneti haitakufaa.

Hatua ya 5: Jeni, na kwa nini TPO ilitupotosha

Badiliko la jeni ya JAK2 liitwalo V617F liligunduliwa mwaka 2005. Hupatikana kwa zaidi ya asilimia 95 ya wenye PV na kwa takribani nusu au zaidi kidogo ya wenye ET. Mabadiliko ya MPL yalielezwa mwaka 2006, nayo huonekana kwa asilimia 3 hadi 5 ya wenye ET. Mabadiliko ya jeni ya tatu, CALR, yalifuata mwishoni mwa mwaka 2013, kwa asilimia 20 hadi 25 ya wenye ET.

Tazama zilivyokaa. MPL ndicho kipokezi cha TPO. JAK2 ni protini iliyo nyuma ya kipokezi hicho, inayopeleka taarifa ndani ya chembe. Na protini ya CALR ikiharibika hukishika kipokezi cha MPL na kukiwasha. Jeni tatu, zote kwenye njia moja: njia ya TPO. Uboho wa mgonjwa wa ET unafanya kazi kana kwamba homoni ni nyingi, ilhali homoni kwenye damu ni ya kawaida. Kwangu mimi hili ndilo jambo zuri kuliko yote katika ugonjwa huu, na ndilo linaloeleza kwa nini kuipima homoni hakukutosha: amri inatoka ndani ya chembe zenyewe.

Usisahau BCR-ABL1, jeni ya lukemia sugu ya mieloidi. Saratani hiyo ya damu inaweza kujitokeza na chembe sahani nyingi, na ina vidonge mahususi vinavyoidhibiti vizuri. Mashine za GeneXpert, zile tunazozijua kwa kifua kikuu, zina katriji ya kupima BCR-ABL1. Uliza hospitali ya rufaa iliyo karibu kama wanayo.

Kati ya wenye ET, asilimia 10 hadi 15 hawana hata moja ya jeni tatu za juu. Kwa hao majibu safi ya jeni hayatoshi. Uboho ndio utakaosema.

Hatua ya 6: Uboho

Daktari huchukua kipande kidogo cha mfupa wa nyonga baada ya sindano ya ganzi. Katika ET huonekana megakariosaiti kubwa zilizokomaa, zenye kiini chenye mikunjo mingi. Kipimo hiki ndicho pia kinachotofautisha ET na hatua za mwanzo za mielofibrosisi, ugonjwa wa uboho kujaa makovu, ambao mwendo wake ni mbaya zaidi. Kinauma kidogo, lakini mgonjwa hutembea mwenyewe kurudi nyumbani.

Hatua ya 7: Wakati wa kusubiri majibu

Majibu ya jeni yanaweza kuchukua wiki. Katika wiki hizo kuna mitego.

Potasiamu ikirudi juu kwa mgonjwa anayejisikia vizuri, usikimbilie kumtibu. Chembe sahani nyingi huachia potasiamu damu inapoganda kwenye chupa. Rudia kwa plazma iliyochukuliwa kwenye chupa yenye heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, na pima ECG (umeme wa moyo) kama una shaka.

Aspirini ya dozi ndogo ni sehemu ya matibabu kwa wagonjwa wengi wa ET, lakini usijianzishie. Chembe zinapozidi 1,000, hasa zikiendelea kupanda, zinaweza kuimaliza protini ya von Willebrand inayosaidia damu kuganda. Mgonjwa huyo anavuja damu puani na kwenye fizi wakati karatasi inasema ana chembe sahani za ziada, na aspirini humwongezea hatari. Protini hiyo ipimwe kwanza.

Nenda hospitali bila kungoja miadi ukiona: upande mmoja wa mwili umelegea, mdomo umepinda au maneno hayatoki; jicho limeingia giza ghafla; kifua kinabana; mguu mmoja umevimba na kuuma; tumbo linajaa na kuuma upande wa ini; au damu haikatiki. Kuungua kwa viganja na nyayo zikiwa nyekundu, pamoja na kichwa kuuma mara kwa mara, si dharura ya saa ile, lakini daktari ajue.

Mwanamke mwenye mimba au anayepanga kuibeba aseme mapema. ET huongeza uwezekano wa mimba kuharibika, na hidroksiurea, dawa inayopatikana zaidi kwetu kwa sababu ya wagonjwa wa selimundu, haitumiki katika ujauzito. Dawa nyingine, interferoni, huwa chaguo lake.

Barua ya rufaa iandikwe nini

Ili bingwa asianze upya na mgonjwa asilipie mara mbili, barua iwe na: namba zote za PLT na tarehe zake, hemoglobini, feritini na CRP za siku moja, maelezo ya damu iliyoangaliwa kwa hadubini, EPO kama ilipimwa, na ilikuwa kabla au baada ya kutolewa au kuongezewa damu, TPO kama ilipimwa, na ilikuwa seramu au plazma. Umri uandikwe, kwa kuwa kuvuka miaka 60 hubadilisha matibabu. Iandikwe kama amewahi kupata bonge la damu au kiharusi, kama wengu unapapasika, kama bado ana wengu, dawa zote anazotumia, na kama kuna ndugu wa damu mwenye chembe sahani nyingi.